Kukasirika kwa Kiingereza na Kiromania: mwongozo wa maneno, viwango na mitego

Kitabu cha kuanzia Kiingereza hufundisha "angry" mapema sana, kando ya kikatuni kilichokunja uso, kisha huhamia kwenye rangi na matunda. Ukifika kazini Leicester au London unagundua kwamba neno hilo watu hawalisemi mara nyingi. Meneja "is not happy". Mpishi "is fuming". Bibi unayemhudumia kwenye nyumba ya wazee "is a bit cross". Na yule Mromania mnayepakia naye maboksi anakwambia "I am very nervous today" ilhali hakuna anachokiogopa. Anatafuta mtu wa kumfokea.

Wenzetu hao si wachache. Sensa ya 2021 ilikuta watu takriban 539,000 waliozaliwa Romania wakiishi England na Wales. Miaka kumi kabla yake walikuwa takriban 80,000 tu. Vizuizi vya ajira dhidi yao viliondolewa Januari 2014, na tangu hapo ukiingia ghala, jiko la hoteli au shamba la mboga, huwakosi. Kiingereza kwao ni lugha ya kujifunza kama kilivyo kwako, kwa hiyo hasira zikizuka kila mmoja anatafsiri kutoka kwao, na Mwingereza aliye katikati anabaki kushangaa. Wapo pia wasomaji waliokwenda kusoma au kutafuta maisha Bucharest, Cluj-Napoca au Timișoara, ambako Kiingereza kinakufikisha dukani na ofisini, lakini mwenye nyumba akishapandwa na hasira anarudi kwenye Kiromania chake.

Kabla ya hatua zenyewe, ushauri mmoja: usikariri maneno kwa jozi, "angry" sawa na "furios", basi. Kila neno lijue kwa mambo matatu: ni kali kiasi gani, linafuatwa na nini, na nani humwambia nani.

Na matamshi kidogo ya Kiromania, usije ukasoma kama Kiingereza. Ș ni "sh" yetu. Ț ni "ts". C mbele ya e au i ni "ch" yetu, na kinyume chake "che" na "chi" zao husomwa "ke" na "ki". Ă haipo kwetu: ni "a" iliyolegea, mdomo hauufungui sawasawa. Â na Î ni sauti moja, ya nyuma zaidi kooni. Hiyo msikilize mwenyewe akitamka, maandishi hayatakusaidia.

Hatua ya 1: Yapange maneno kwa ukali

Chora mstari wa kwenda juu. Chini andika kero, juu kabisa ghadhabu. Kiswahili chenyewe kinapanda hivyohivyo: mtu hukereka, huudhika, hukasirika, huhamaki, hughadhibika, mpaka anafura. Sasa weka ya wenzetu kando yake.

Chini kabisa, pale basi linapochelewa au jirani anapofungulia muziki, Kiingereza kina "annoyed" na "irritated". Kiromania kina "deranjat" na "iritat". Hapa hakuna anayepaza sauti.

Panda kidogo ukute "cross". Hili ni neno la Uingereza, la nyumbani: mama kwa mtoto, mwalimu wa darasa la kwanza, mke kwa mume aliyesahau kununua maziwa. Ni hasira ya kweli lakini ina mapenzi ndani yake. Kando yake kuna "upset", na kwa upande wa Kiromania "supărat". Hayo mawili nitayarudia, maana yana ujanja wao.

Katikati ndiko waliko "angry" na, kwa Mmarekani, "mad". Mromania hapa atasema "nervos" au "enervat", au atatumia kitenzi: "m-am enervat", nimekasirika.

Juu kuna kundi kubwa. "Furious" ni rasmi na ya mtaani kwa pamoja. "Fuming" ni ya mazungumzo, na vijana wa Uingereza wameichakaza kiasi kwamba mtu anaweza kuwa "fuming" kwa sababu chipsi zimepoa. "Seething" ni hasira inayochemka ndani bila sauti. "Th" yake itamke kama dh ya "dhahabu". "Livid" ni kali kweli, itumie kwa jambo zito. Kiromania kinatoa "furios", na ukiongeza moto unapata "turbat", neno lilelile wanalolitumia kwa mbwa mwenye kichaa, kwa hiyo usimwambie mtu usoni.

Nje kidogo ya mstari kuna hasira ya mtu aliyedhulumiwa, au aliyeona dhuluma: "indignant" na "outraged", kwa Kiromania "indignat" na "revoltat". Na kuna "irate", ambayo utaisoma gazetini kuhusu wateja au abiria, lakini sijapata kusikia mtu akisema "I'm irate" jikoni kwake.

Jambo dogo linalotofautisha mzoefu na mgeni: "very" huenda na "angry", "annoyed" na "upset". Kwa "furious" na "livid" Waingereza husema "absolutely", kwa sababu maneno hayo tayari yamefika juu. Mromania ana "foarte", sana, lakini akitaka ladha husema "supărat foc", amekasirika moto. Hilo lichukue, ni zuri na halimuudhi mtu.

Nyongeza ya wenye njaa: "hangry", yaani "hungry" na "angry" zikiwa neno moja. Kamusi kubwa ya Oxford ililiingiza mwaka 2018. Kwa mtu wa Ramadhani saa kumi na moja jioni, ni neno lililochelewa kuzaliwa.

Hatua ya 2: Itegue mitego sita

Anza na ule wa "nervous", kwa sababu ndio unaoleta balaa. Kwa Mwingereza, "nervous" ni mtu mwenye wasiwasi: anasubiri usaili, anasubiri majibu ya hospitali. Kwa Mromania "nervos" ni mtu ambaye hasira ziko karibu. Hivyo Mromania akikwambia kwa Kiingereza "the boss is nervous", usiende kumfariji bosi. Na wewe ukitaka kusema kwa Kiromania kwamba una wasiwasi kabla ya mtihani, sema "am emoții", si "sunt nervos". La sivyo msahihishaji atadhani umekuja kugombana.

Wa pili ni "supărat". Linabeba hasira na huzuni kwa pamoja, na muktadha ndio unaoamua. "E supărat" inaweza kuwa amekasirika, au amefiwa, au mpenzi wake amemwacha. Ikifuatwa na "pe" na jina la mtu, basi ni hasira: "e supărat pe mine", amenikasirikia. Kiingereza kina mwenzake kamili, "upset", nalo ni hivyohivyo. Msomaji wa Kiswahili asishangae sana, kwani sisi tukisema "nimeona uchungu" hatujasema bado kama tutalia au tutapigana.

Wa tatu, "mad". Marekani ni mwenye hasira. Uingereza kwa kawaida ni mwenda wazimu, ingawa filamu za Marekani zimeanza kuwachanganya hata wao. "Are you mad?" kutoka kwa Mwingereza mara nyingi ni "una wazimu wewe?"

Wa nne ni mkali kidogo kwa masikio ya wazee: "pissed". Kwa Mmarekani ni aliyekasirika, kwa Mwingereza ni mlevi chakari. Ukiongeza "off", "pissed off", pande zote mbili zinakubaliana kuwa ni hasira. Ni lugha ya mtaani, usiiandike kwenye barua pepe ya kazi.

Wa tano, "livid". Kiingereza: ghadhabu. Kiromania kina neno lenye tahajia ileile, lakini kwao "livid" ni mtu aliyepauka uso, mara nyingi kwa hofu au ugonjwa. Mke wa Kiromania akimwambia nesi kwamba mumewe ni "livid", nesi asiite walinzi, aite daktari.

Wa sita, "revoltat". Linafanana na "revolted" la Kiingereza, ambalo maana yake ni kusikia kinyaa. Mromania "revoltat" haoni kinyaa. Ameona jambo lisilo la haki na damu imemchemka.

Hatua ya 3: Shika viunganishi na maumbo

Wengi wetu huanguka hapa, si kwenye msamiati.

Kiswahili kinasema "nina hasira", na ulimi unataka kusema "I have anger". Kiingereza hakitaki. Ni "I am angry". Cha ajabu, Kiromania kinakubali: "am nervi", neno kwa neno nina neva, ni sentensi ya kila siku kabisa.

Baada ya "angry", mtu hupata "with": "angry with you". Jambo hupata "about": "angry about the rota", yaani ratiba ya zamu. "At" nayo husikika sana, hasa kwa Wamarekani. "Mad" hudai "at". "Cross" na "fed up" hudai "with". Usiseme "angry on me". Hiyo ni kiambishi cha Kiswahili kikijaribu kuvaa suti. Kwa Kiromania kazi ni nyepesi, kwa mtu kiunganishi ni kimoja: "pe". "Supărat pe tine", "nervos pe el", "furios pe ea". Sababu huja na "din cauza", kwa sababu ya, au "pentru că", kwa sababu.

Angalia pia mwisho wa neno. "Annoyed" ni mtu aliyekereka. "Annoying" ni mtu anayekera. Nimesikia watu wazima, wenye digrii, wakimwambia msimamizi "I am very annoying today" na msimamizi akakubali kwa kichwa. Kiromania kina mtego uleule, karibu pacha: "enervat" ndiye aliyekereka, "enervant" ndiye anayekera.

Kisha kuna jinsia, ambayo Kiswahili kimetusamehe. Mwanamume ni "supărat", mwanamke "supărată". "Nervos" huwa "nervoasă", "furios" huwa "furioasă". Wanaume wengi ni "supărați", wanawake "supărate". Ukikosea watakuelewa tu, lakini watacheka, na mtu anayechekwa akiwa amekasirika huwa hali mbaya zaidi.

Na maumbo mawili ya kukataza, yanayotofautiana kwa silabi moja. "Nu te supăra" ni usikasirike. "Nu mă supăra" ni usinikasirishe. La kwanza ni la kubembeleza, la pili ni onyo. Vivyo hivyo "nu te enerva" na "nu mă enerva". Yaseme kwa sauti mpaka "te" na "mă" zisikupotee, maana ukitaka kumtuliza mtu kisha ukamtolea onyo, umejiongezea kazi.

Hatua ya 4: Jifunze misemo kwa picha zake

Misemo ya hasira ni mingi kuliko utakavyoimaliza. Njia nyepesi ni kuipanga kwa picha inayoibeba, kwa sababu binadamu wa Ulaya na wa pwani yetu hupata hasira katika mwili uleule.

Picha ya joto iko kila mahali. Sisi damu inachemka. Mwingereza anasema "it makes my blood boil". Mromania anasema "fierb de nervi", nachemka kwa hasira. Mtu aliyelipuka ghafla "s-a făcut foc și pară", amekuwa moto na ndimi za moto. Tahadhari ya wapenda matunda: "pară" pia ni tunda la pea, na wanafunzi hutafsiri wanavyotaka. Kiingereza kina "hot under the collar" kwa mtu ambaye shingo imeanza kupata joto ndani ya kola, na "let off steam", kutoa mvuke, ambayo ni kumaliza hasira bila kuvunja kitu: kukimbia, kupiga kelele mpirani, kumpigia dada simu.

Picha ya pili ni kuruka na kutoka nje. Kiswahili hasira hupanda. Kwao kitu huruka. Waingereza wana "hit the roof", kugonga paa, na "fly off the handle", iliyotokana na kichwa cha shoka kuchomoka kwenye mpini. Waromania ni mabingwa hapa. "I-a sărit țandăra": kibanzi cha mti kimemruka. "I-a sărit muștarul": haradali imemruka. Maana ya yote mawili ni kwamba hasira zimempanda ghafla. "Și-a ieșit din fire" ni ametoka nje ya tabia yake, na ndiyo unayoweza kuisema popote. Kisha kuna "și-a ieșit din pepeni", ametoka nje ya matikiti. Ndiyo, matikiti. Usiulize kwa nini, sema tu. Ukiisema vizuri Mromania yeyote atasahau alikuwa amekasirikia nini. Na ukitaka kusema mtu mwingine ndiye aliyekutoa huko: "m-a scos din sărite" au "m-a scos din pepeni". Kwa Kiingereza hiyo ni "he drives me up the wall", ananipandisha ukutani.

Rangi. Waingereza huona nyekundu, "I saw red", na Waromania vilevile, "am văzut roșu în fața ochilor". Baada ya hapo wanaachana. Mromania anaweza kuwa "vânăt de furie", rangi ya mvilio wa damu, au "negru de supărare", mweusi kwa uchungu, ambayo ina huzuni ndani kama "supărat" yenyewe. Kwa Kiingereza "blue in the face" si hasira: ni kuongea mpaka uchoke bila kusikilizwa. Ngozi zao hubadilika rangi kweli, labda ndiyo maana lugha zao zimejaa rangi. Sisi mtu humsoma machoni na puani.

Neva ziko pande zote: "you're getting on my nerves", na "mă calci pe nervi", unanikanyaga neva. Ni misemo salama kwa rafiki, si kwa bosi. Mtu anayemalizia hasira zake kwako unamwambia "don't take it out on me", au "nu-ți vărsa nervii pe mine", usinimwagie neva zako.

Kujaa na kufurika. Tunasema subira imemtoka mtu. Kiingereza kina "the last straw", jani la mwisho la ule mzigo uliomvunja ngamia mgongo. Kiromania kina "picătura care a umplut paharul", tone lililojaza glasi. Likizidi hapo ni "mi-a ajuns cuțitul la os", kisu kimenifika mfupani, na mtu akisema hivyo usimtanie, anazungumzia mambo ya kodi, mshahara au ndoa. Na hapa lugha zote tatu zinakutana mezani: "fed up" ni aliyelishwa mpaka basi, "m-am săturat" ni nimeshiba, na sisi tunasema nimekinai.

Mwisho, watu wa hasira za karibu. Mwingereza husema mtu huyo "has a short fuse", utambi wake mfupi. Mromania husema leo fulani ni "cu capsa pusă", fataki imeshawekwa kwenye bunduki, bado kugusa. Na yule aliyeamka na kisirani, Mwingereza anasema "he got out of bed on the wrong side". Mromania anasema "s-a trezit cu fața la cearșaf", ameamka uso ukitazama shuka.

Hatua ya 5: Usiwasahau wanaonuna

Si kila hasira hupiga kelele. Kununa ni "to sulk". Mromania aliyenuna ni "bosumflat" au "îmbufnat", maneno ambayo hata ukiyatamka mashavu yanavimba. Kumnyamazia mtu makusudi ni "to give someone the silent treatment". Kinyongo ni "grudge", nacho "unakishika": "she holds a grudge". Kiromania unakibeba: "îi poartă pică", anambebea kinyongo, ambapo "pică" husomwa pikă.

Kisha kuna "ciudă". Ni ule mchomo wa kuona mwenzako amepata na wewe umekosa, au wa kukosa kitu kwa uzembe wako mwenyewe. "Mi-e ciudă că am pierdut", inaniuma kwamba nimeshindwa. Kiingereza hakina neno moja linalolingana nalo. "I'm gutted" inagusa upande wa maumivu, "I resent it" inagusa upande wa kinyongo. Mshabiki wa Simba siku Yanga wameshinda ana "ciudă".

Hatua ya 6: Pima nani anasikia

Mwingereza wa ofisini hupunguza. "I'm a bit disappointed" kutoka kwa meneja ni jambo la kukaa chini na kufikiria. "I'm not best pleased" ni hasira kamili iliyovaa tai. "With respect" mwanzoni mwa sentensi mara nyingi huashiria kwamba heshima iko njiani kuondoka. Ukisubiri mpaka aseme "angry", utakuwa umechelewa. Lakini sakafuni, ghalani, jikoni, hali ni nyingine: "bloody" na mengine makali kuliko hilo hutoka kama chumvi, na mara nyingi hayana hasira ndani. Jifunze pia "he's just winding you up", anakuchokoza kwa utani. Waingereza huchokoza wanaowapenda, na mgeni akikasirika kweli huonekana hana ucheshi.

Bosi akikufokea ni "he had a go at me", au "he told me off" ikiwa amekukaripia kama mtoto. Kiromania ni "m-a certat". Angalia: "m-a certat" ni amenikaripia, lakini "ne-am certat" ni tumegombana. Ukimsimulia mwenzako, chagua vizuri, kwa sababu la pili lina maana kwamba na wewe ulijibu.

Waromania kwa jumla husema wazi zaidi, na kwa sauti. Watu wawili wakibishana kuhusu maegesho ya gari Bucharest unaweza kudhani polisi wanakuja. Baadaye unawakuta wanavuta sigara pamoja. Wakati wa hasira wana "la naiba!", ambayo ni nyepesi, nayo unaweza kuitumia ukijigonga kidole. "Lasă-mă în pace", niache kwa amani, ni kali kidogo na bado ina adabu. "Du-te dracului" inamtuma mtu kwa shetani, hiyo iache. Na lolote linalomtaja mama wa mtu, "mă-ta", usiliguse kabisa. Hapo huhitaji kufundishwa. Kwetu pia tusi la mama halina mzaha.

Kwa mtu mzima usiyemjua, afisa au mwenye nyumba, tumia "dumneavoastră", yaani "wewe" ya heshima, hata ukiwa umefura. Hasira yenye "dumneavoastră" inasikilizwa. Hasira yenye "tu", "wewe" ya kawaida, inageuka ugomvi.

Hatua ya 7: Iandike hasira ikalipwe

Ukidai fedha zako au haki yako, yaache matikiti na haradali. Barua ya malalamiko ina maneno yake baridi, nayo ndiyo yanayofanya kazi.

Kwa Kiingereza fungua na "I am writing to complain about" kisha taja kitu, tarehe na kiasi. Hisia ziweke kwenye "dissatisfied" au "extremely disappointed", mara moja tu. Malizia na unachotaka: "I would like a full refund", au "Please confirm in writing when this will be resolved".

Kwa Kiromania anza na "Stimate domnule" kwa mwanamume au "Stimată doamnă" kwa mwanamke. Halafu "Doresc să fac o reclamație", nataka kutoa malalamiko. Hisia: "Sunt nemulțumit de serviciile dumneavoastră", au "nemulțumită" ukiwa mwanamke. Dai: "Vă rog să îmi restituiți suma achitată", naomba mnirudishie kiasi nilicholipa. Funga na "Aștept un răspuns în scris", nasubiri jibu kwa maandishi. Usiongeze alama tatu za mshangao. Mhudumu akiziona anaisogeza barua chini ya nyingine.

Hatua ya 8: Zima moto wa mwenzako

"Calm down" inaonekana dawa, lakini kwa Kiingereza mara nyingi humchochea mtu. Husikika kama unamwambia hana sababu. Afadhali "I can see why you're upset", kisha "Let me see what I can do". Kwa mgonjwa au mzee unayemtunza, sema neno "upset" badala ya "angry": linampa nafasi ya kuwa na huzuni bila kuonekana mgomvi.

Kwa Mromania, "calmează-te" ina tatizo hilohilo. Anza na "ai dreptate", una haki, au "aveți dreptate" kwa heshima. Hata kama hana haki yote, sehemu yake anayo. Kisha "îmi pare rău", samahani. Ikiwa anahitaji muda: "hai să vorbim mai târziu", tuongee baadaye.

Na kuna sentensi moja utakayoisikia barabarani kabla ya zote. Mtu asiyekujua anakusogelea na kusema "nu vă supărați". Tafsiri yake ni msikasirike, lakini kazi yake ni "samahani, naomba kuuliza": "Nu vă supărați, unde e gara?", samahani, stesheni iko wapi? Ukimwona mtu anakuomba usikasirike na hujakasirika, mwoneshe njia tu. Hata mchezo wa ludo, ambao Waswahili wengi wameucheza barazani, kwao unaitwa "Nu te supăra, frate", usikasirike, ndugu, jina ambalo mtu aliyerudishwa nyumbani kete ikiwa karibu kufika atalielewa bila mwalimu.

Hatua ya 9: Jipime

Funika majibu kwa mkono, tafsiri kwa sauti, kisha linganisha. Sentensi nzima, si neno.

Mama amenikasirikia kwa sababu nimechelewa. "Mum is cross with me because I'm late." "Mama e supărată pe mine pentru că am întârziat."

Kelele hizi zinanikera. "This noise is getting on my nerves." "Mă calcă pe nervi zgomotul ăsta."

Bosi ameamka na kisirani. "The boss got out of bed on the wrong side." "Șeful s-a trezit cu fața la cearșaf."

Usinimalizie hasira zako. "Don't take it out on me." "Nu-ți vărsa nervii pe mine."

Nimekinai, naacha kazi. "I'm fed up, I'm quitting." "M-am săturat, îmi dau demisia."

Hiyo ya mwisho haibadiliki kwa jinsia: mwanamume na mwanamke wote husema "m-am săturat". Ile ya kwanza hubadilika, kwa sababu aliyekasirika ni mama. Angekuwa baba, ingekuwa "tata e supărat".